Kidato cha Nne Juu ya Kiti cha Mashine

Ukikaa kwenye benchi la kituo cha kusafisha damu pale Ukunda, utawatambua wageni mara moja. Wao ndio huuliza, "Hii itakwisha lini?" Sisi wenyeji hatuulizi. Tunaulizana habari za chumvi, mkono wa nani umevimba, na nani hajaonekana tangu wiki iliyopita. Ninawaandikia wale wageni, hasa walio bado wanafunzi, kwa sababu mimi nilipofika pale mara ya kwanza nilikuwa na sare ya shule ndani ya mfuko, nikidhani nitaivaa Jumatatu. Kama unatafuta mtu wa kukwambia kwamba mambo yatakuwa sawa, wapo tele, waulize. Mimi nitakwambia yaliyonipata, na kuna jambo moja humu ambalo ukilijua mapema huenda likakuokoa.

Naitwa Mwanakombo. Kwetu ni Msambweni, ndani kidogo kutoka barabara kuu. Baba ni mpishi wa hoteli huko Diani na Mama ana cherehani yake ukumbini. Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana kule Kwale, juu mlimani, uso wangu ulipoanza kuvimba. Wenzangu walisema nimenawiri. Nami, mjinga wa watu, nikafurahi, kwa kuwa siku zote nilikuwa mwembamba kama ufito. Kisha viatu vikakataa kuingia, pumzi ikawa inakatika nikipanda ngazi za bweni, na siku moja katikati ya kipindi cha historia nikatapikia daftari la mwenzangu. Nilirudishwa nyumbani na nguo za kubadilisha tu. Sanduku lilibaki bwenini, maana sote tulijua nitarudi.

Yale ya kidaktari sitayaeleza. Sikuyaelewa wakati ule, na sasa nimechoka kuyaelewa. Figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Mama aliuliza, "Zote?" Daktari akasema zote. Mama akauliza tena, "Hata moja haikubaki?" kwa sauti ileile anayobembelezea wauza vitambaa. Baba aliangalia ukuta. Nikatiwa mrija shingoni, na tangu hapo nikawa mtu wa mashine ya Ukunda, kila Jumatatu na Alhamisi.

Mwaka ule wa kwanza mimi huuita mwaka wa mrija. Sikuweza kujimwagia maji, nilijifuta kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Mtandio niliufunga mpaka kidevuni ili watu wasione. Ngozi iligeuka rangi ya jivu ikawa inaniwasha kutwa kucha, nikijikuna kwa kitana. Hedhi ilikatika, Mama asiniulize nami nisimwambie, mpaka siku moja tulijikuta tunalia pamoja mbele ya kamba ya kuanikia nguo bila yeyote kutaja sababu. Na kiu. Jamani, kiu! Maji yangu ya kutwa nzima yalitosha ndani ya chupa ndogo ya soda, na joto la huku kabla ya masika kila mtu analijua. Nilinyonya vipande vya barafu kimoja kimoja. Nikaanza kuwachukia watu waliokunywa maji mbele yangu bila hata kufikiri. Ramadhani ilipoingia na kila mtu akawa analalamika koo limekauka, ndipo nilipopata nafuu kidogo, kwani kwa mwezi mmoja angalau tulikuwa sawa.

Mwalimu mkuu wa shule yangu alikuwa muungwana. Alimwambia Baba, "Tutamtunzia nafasi yake. Akipona arudi." Hakuna aliyemwambia kwamba ugonjwa huu hauponi hivyo, mpaka upewe figo ya mtu, na nyumbani kwetu mwenye figo ya kunifaa hakupatikana. Mama ana kisukari. Damu ya Baba na yangu hazikukubaliana. Basi nafasi yangu ikatunzwa mpaka ikasahauliwa, na sanduku likaletwa na mtu tusiyemjua akaliacha barazani.

Nililala nikisikiliza cherehani. Sitaki kusema nilitaka kufa, kwa sababu kufa nako kunahitaji nguvu. Nilikuwa tu sioni kazi ya kuamka. Wenzangu walikuwa wanakwenda kidato cha tatu, na mimi nilikuwa nakwenda Ukunda na kurudi.

Habari za shule ya mtandaoni zilikuja na mteja wa Mama, mwanamke wa bara anayefanya kazi ya mapokezi hotelini. Alikuja kupunguziwa gauni, akaniona nimejilaza kwenye mkeka, akasimulia kwamba mtoto wake wa kiume anasoma sekondari nzima kwa simu. Shule yenyewe ipo Nairobi, na mtoto hajawahi kuiona. Jioni Mama akazifikisha habari hizo kwa Baba.

"Skuli ya simu?" Baba akasema. "Simu ni ya kupigia. Mtu husoma skuli yenye kuta."

"Na hizo kuta si ndizo zilizomshinda?" Mama akamjibu. "Mwacheni basi asome isiyo nazo."

Baba akaondoka kwenda kuswali. Kwake hiyo ndiyo ruhusa.

Mtu wa kwanza niliyezungumza naye alikuwa Mwalimu Wekesa, aliyefundisha kemia na pia kuwashauri wanafunzi wapya wachague njia ipi. Uso wake ulijaa skrini yote. Nilimweleza hali yangu, naye hakunihurumia kwa sauti, jambo ambalo nilimshukuru.

"Kuna njia tatu, Mwanakombo," alisema. "Ya kwanza ni mtaala wa kitaifa kwa masomo manane, vipindi vya moja kwa moja kila asubuhi. Ya pili ni mtaala huohuo kwa masomo saba, na chini ya saba hawakubali. Ya tatu ni mtihani wa kigeni. Huo unaweza kuufanya somo moja moja, hata ukitaka miaka mitano. Kwa hali yako, mimi ningechukua huo. Huna haraka."

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi nina haraka."

Nadhani hapo ndipo aliponielewa. Kisha akanieleza vizuri hatari ya ile njia ya saba. Mwenye masomo manane akikosa somo moja bado anapata gredi yake. Mwenye saba hana akiba: akikosa karatasi ya somo moja tu, cheti kizima kinatoka bila gredi. Na katika hayo saba lazima sayansi ziwe mbili, na kila sayansi ina mtihani wa maabara, ambao haufanyiki kwa simu. Lazima mtu aende kwenye kituo cha mtihani na miguu yake.

Manane mwili wangu usingeyaweza, hilo lilikuwa wazi hata kwa Mama. Nikachukua saba: hisabati, Kiswahili, Kiingereza, biolojia, kemia, dini ya Kiislamu na masomo ya biashara. Kuanzia siku ile nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, nacho ni gredi ya kidato cha nne yenye jina langu. Sikuwa na mipango ya chuo. Nilitaka tu kuwe na jambo moja nililolianza nikiwa mzima na nikalimaliza nikiwa hivi.

Mtandao nyumbani kwetu ni wa kubahatisha. Kituo cha Ukunda, kwa upande mwingine, kina waifai isiyokatika, basi vipindi vyangu vizuri vyote nilivipata juu ya kiti cha mashine. Sista Dama, muuguzi wa zamu yetu, Mgiriama mwenye maneno makali na mikono laini, alikuwa akiifunga simu yangu kwa plasta kwenye chuma cha kutundikia dripu ili niangalie bila kuishika. Wakati wa kunitengenezea mshipa wa mkononi ili mrija wa shingo utolewe, yeye ndiye aliyeniuliza, "Waandika na mkono upi?" Nikamwonyesha wa kulia. "Basi tutakuharibu wa kushoto," akasema, akamwambia na daktari. Hakuna mwingine aliyekumbuka kwamba nina kitu cha kuandika.

Huo ndio mwaka wa mkono. Mshipa ulivimba kama kamba chini ya ngozi, na ukiweka sikio unausikia ukinguruma. Wauguzi wa sindano wanaudhihaki kwa mapenzi, wanauita jenereta. Mimi sikuupenda. Niliona mwili wangu umekuwa nyumba ya watu wengine.

Darasani nilikuwa nimezima kamera siku zote. Wenzangu walijua sauti yangu tu. Siku moja mwalimu mgeni wa Kiingereza alisema kila mmoja awashe kamera, hataki kufundisha giza. Nikasubiri apitiwe, hakupitiwa, akanitaja kwa jina. Nikawasha. Nyuma yangu mashine ilikuwa inazungusha mirija myekundu. Mvulana mmoja akaandika kwenye ujumbe, "Hiyo nyekundu ni nini?"

"Ni damu yangu," nikasema. "Inasafishwa. Endeleeni."

Mwalimu akakohoa. "Mtandao ni mzito leo," akasema, "hebu tuzime kamera sote." Mtandao haukuwa mzito hata kidogo. Hakuniuliza tena habari ya kamera mpaka mwisho, na nilimpenda kwa uongo ule.

Nisikudanganye ukadhani ilikuwa raha. Baada ya mashine kichwa kilikuwa kinanigonga mpaka sioni maandishi. Vipindi vilivyorekodiwa nilivisikiliza kwa mwendo wa kobe na bado vikanipita. Katikati ya hisabati misuli ya mguu ilikuwa ikinibana hadi napiga kelele, na Sista Dama anakuja kuusukuma unyayo wangu kwa kifua chake huku mwalimu akiendelea na vipeo vyake. Mitihani ya majaribio nilianguka. Sikuwa mgonjwa mzuri wala mwanafunzi mzuri. Nyumbani, Baba alikuwa anachukua zamu mbili, anarudi ananuka vitunguu na siagi ya vyakula nisivyoruhusiwa kula. Yeye na Mama walikuwa wanasemeshana kupitia kwangu. Siku moja nilimsikia akimwambia uani, "Twamsomesha mtu..." akakatiza. Mama hakumtaka amalizie. Nilimalizia mwenyewe, na nikamalizia kila siku kwa muda mrefu: mtu anayekufa.

Wiki chache kabla ya mtihani shule yetu ilipanga tukafanye mazoezi ya maabara Kwale, katika sekondari ya kutwa iliyokubali kuwa kituo chetu cha mtihani. Mwalimu Wekesa alitoka Nairobi kuja kutuongoza. Kwenye simu nilimdhani pandikizi la mtu, kumbe alinifika begani. Tulicheka wote wawili. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimeiona bureti, ule mrija wa kioo wa kudondoshea dawa, kwenye skrini tu, nikigusa picha kwa kidole. Siku ile niliishika. Nikafungua tone, tone, tone, na maji meupe kwenye chupa yakageuka waridi mbele yangu, si kwenye video.

"Rudia," Mwalimu Wekesa akasema. "Polepole. Usiwe na haraka yako ile."

Nikarudia mara nyingi kuliko wengine wote. Nilikuwa na furaha, naikumbuka vizuri, kwa sababu haikuwa nyingi miaka ile.

Mtihani ulipoanza, Sista Dama alinibadilishia saa. Mzee mmoja wa zamu ya mchana alikubali kukaa asubuhi ili mimi nikae baada ya mtihani, na hakutaka hata kushukuriwa. "Andika na sehemu yangu," alisema tu. Karatasi zikapita moja moja. Nyingine niliziandika nikitapika katikati, lakini zilipita. Kisha ikabaki kemia ya maabara, Jumatatu asubuhi.

Ijumaa kabla ya Jumatatu hiyo akaja Bibi, mamake Mama, kutoka Majoreni. Anaishi kule na mjomba, na kwa ajili ya miguu yake huwa hasafiri. Kwangu alisafiri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinishika uso kwa mikono miwili, akaniambia, "Umebaki macho tu, mjukuu wangu." Kisha akatoa kwenye kikapu chupa kubwa iliyofungwa kwa kitambaa cheupe.

Lilikuwa kombe. Asiyelijua nitamweleza: mwalimu wa chuo, yaani madrasa, huandika aya za Qur'ani kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha maandishi yakaoshwa, na yale maji akanywa mgonjwa, au mtoto anayekwenda kufanya mtihani. Mimi nilikuwa yote mawili. Huku kwetu hakuna mtoto anayekataa kombe la mtihani, na mimi sikutaka kukataa. Bibi alisema mwalimu wake wa Majoreni alilisomea tangu alfajiri, na ninywe asubuhi, adhuhuri na jioni mpaka Jumatatu.

Mama alifikiria jambo moja tu, kiasi cha maji. Akalipima. Tukakubaliana kwamba siku hizo sitakunywa kitu kingine chochote, kiasi changu chote kiwe ni kombe. Lilikuwa tamu, lina harufu ya marashi na zafarani. Nilidhani wametia asali. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nilikunywa kombe, na kwa mara ya kwanza katika miaka ile kiu yangu ilikuwa na ladha.

Jumatatu niliamka midomo imekufa ganzi. Nilidhani ni woga. Nikashusha miguu kitandani, nikasimama, na miguu haikusimama. Haikuuma. Ilikuwa haipo tu. Moyo ulikuwa unapiga, unaacha, unapiga, unaacha mrefu zaidi. Nilimwambia Mama nimeteleza. Nilivaa nikiwa nimekaa, nikamwita Baba anibebe kwenye gari la jirani tulilolikodi, nikasema ni uchovu.

Ukitoka Msambweni kwenda Kwale unapita Ukunda. Kituo changu kipo pale kando ya barabara. Mbele, gari linakwenda Kombani kisha linapanda mlima. Mama alikuwa mbele na dereva, Baba amekaa nyuma nami, amenishika kifundo cha mkono, na mpishi yule, ambaye hakuwahi kukaa hata siku moja kwenye benchi letu bila kutoka nje kuvuta hewa, alikuwa anausikiliza moyo wangu kwa vidole.

"Kata hapa," akamwambia dereva tulipokaribia.

"Baba, hapana. Twende Kwale."

"Kata."

"Baba, ni karatasi moja! Nikimaliza nakuja mwenyewe kwenye mashine. Saba hayana akiba, nilikwambia, Baba, nilikwambia!"

"Nasikia, mwanangu."

"Sitakusamehe."

"Usinisamehe," akasema, akanitoa garini mikononi kama mzigo wa kuni.

Sista Dama aliniweka nyaya kifuani, akaangalia kile kikaratasi kinachotoka, na kwa mara ya kwanza nikamwona anakimbia. Kuna chumvi moja ya damu ambayo figo nzima huitoa. Yangu ilikuwa imepanda mpaka moyo unataka kusimama. Huku akinichoma sindano aliuliza, "Amekula nini? Ndizi? Mihogo?" Mama aliapa kwamba sikula kitu. Kisha akakumbuka, akatoa ile chupa mkobani, maana alikuwa ameibeba ili ninywe tone la mwisho mlangoni mwa maabara. Sista Dama aliinusa, akaionja kwa ncha ya kidole.

"Hili limeoshwa kwa maji gani?"

Mama alipiga simu nyumbani, alikobaki Bibi, akaiweka kwa sauti ili Sista Dama naye asikie.

"Mama, lile kombe lilioshwa kwa nini? Maji?"

"Maji ya nini!" Bibi akajibu, sauti imejaa furaha. "Dafu. Nalimwambia mwalimu asitie maji, alioshe kwa dafu, dawa ziwe mbili. Figo si husafishwa kwa dafu? Ashaingia mtihani?"

Sisi tulijua. Dafu limejaa chumvi ileile, na tangu mwezi wa kwanza tulikatazwa hilo kabla hata ya ndizi, na Mama aliacha hata kuliingiza nyumbani. Lakini nani angempigia mtu Majoreni kumwambia asioshee kombe dafu? Huku kwetu dafu hupewa kila mwenye taabu ya mkojo, na kwa mtu mwenye figo nzima halina neno. Bibi alinipa kitu kizuri kabisa alichokijua.

Mama aliangalia simu, akaniangalia mimi. "Ndiyo, Mama," akasema. "Yuko ndani."

Nililala pale nikiangalia saa ya ukutani. Nilijua wakati huo wamegawiwa chupa. Nilijua wanafungua bureti. Nililia mpaka Sista Dama akaniambia nikilia namharibia vipimo, kisha akakaa ukingoni mwa kiti akanishika ule mkono wa kulia, naye ana wagonjwa wengine wanaomwita.

Matokeo yalipotoka niliyasoma kwenye simu ileile niliyosomea. Masomo sita yalikuwa na herufi zake, na Kiswahili nilipata A. Kemia iliandikwa sikuwepo. Pale pa gredi ya jumla hapakuwa na kitu. Mwalimu Wekesa alipiga kabla sijazima simu. Hakuniambia pole. Aliniambia kwamba njia zipo: naweza kujiandikisha tena mwaka huu, na mara hii tuchukue manane. Nikamuuliza mwili wa kubeba hayo manane nitautoa wapi. Akasema hajui. Nilijiandikisha. Usinisifu, sikufanya kwa ushujaa. Nilifanya kwa sababu Jumatatu na Alhamisi zitakuwepo tu, na kukaa kwenye kile kiti nikitazama dari ni kubaya zaidi.

Kwako wewe mgeni wa benchi letu: chukua masomo yenye akiba, hata kama ni moja tu zaidi, hata ukifanya vibaya. Usiwe na haraka kama yangu. Na wapigie simu wote wanaokupenda, waliopo karibu na waliopo mbali, uwatajie kila kilichokatazwa, hata kile ambacho unaona haiwezekani mtu akuletee. Wanaokupenda ndio watakaoleta.

Baba sikumwambia nimemsamehe. Nilimwambia siku moja chakula chake kinanuka vizuri, akafahamu. Bibi anajua tu kwamba siku ile nilizidiwa njiani nikakosa karatasi; la dafu hajaambiwa. Mama alinishika bega akanisihi: "Mamangu akijua, hatuli naye Idi nyingine." Mimi nilitaka kusema. Kuna siku nilitaka kumpigia kelele ili ajue alichonikosesha, kisha nikaona aibu kwa kutaka hivyo, na hasira haikuondoka. Nimeyaandika hapa kwa kuwa Bibi husoma herufi za Kiarabu peke yake, hizi hazijui.

Alikuja tena majuzi, mfungo sita, mwezi wa Maulidi, kunipa pole ya matokeo. Alikaa kwenye mkeka kando yangu. Nilikuwa na simu mkononi, darasa la kidato cha nne linaendelea, wenzangu wote wapya na wadogo kwangu.

"Niambie kweli," akasema. "Lile kombe lilikufaa?"

Mama akasimamisha cherehani.

"Lilinifaa, Bibi."

"Alhamdulillahi." Akanipapasa ule mkono wa kushoto, akasikia unanguruma, akauondoa mkono wake polepole. "Mtihani ni kitu cha dunia. Lakini siku ile, lau si lile kombe, tungekuzika. Mwaka huu nitakuletea chupa mbili."

Nikambusu mkono, nikamwambia ahsante.